Tupeane uzoefu: Bedspesi (kitanda cha kupanga kwenye chumba cha wengi) Dubai mlichaguaje? (Deira, Satwa, Karama, Al Nahda na kwingineko)

MtuWaTanga

Wakuu, habari za saa hizi.

Mdogo wangu wa kike anaingia Dubai mwezi ujao, kapata kazi ya kuuza nguo kwenye duka moja ndani ya Dubai Mall. Mwajiri hatoi nyumba. Anatoa posho ya makazi juu ya mshahara, kila mtu ajitafutie. Mimi niko huku miaka kadhaa sasa lakini ni mlinzi, kampuni ilinichukua uwanja wa ndege ikanipeleka moja kwa moja kambini Muhaisnah, nikaonyeshwa kitanda, nikalala. Sijawahi kuchagua. Dada akiniuliza "kaka, nikae wapi?" nabaki kukuna kichwa.

Nimepitia matangazo ya mtandao wa Dubizzle na yale yanayobandikwa kwenye nguzo za taa. Yote yanasema yaleyale: pasafi, karibu na metro, DEWA (umeme na maji) na waifai ndani ya kodi. Huyu anataka dirhamu 600, yule 850, yule 1,100, na picha zinafanana kama vile kazipiga mtu mmoja.

Mliokaa bedspesi au patisheni (kipande cha chumba kilichokatwa kwa ukuta mwepesi), naomba msiniambie "inategemea". Semeni mlikaa wapi, mlilipa ngapi, mliangalia nini kabla ya kutoa hela, na nini kiliwafanya mhame.

BintiLikoni

Kaka, dada yako asilipie kitanda alichokiona mchana. Mchana nyumba iko tupu, wenyewe wako kazini, vitanda vimetandikwa, jikoni kweupe. Mwambie aende saa tatu au saa nne usiku, na kabla hajaingia ndani atazame viatu mlangoni. Mwenye kupangisha atamwambia "tuko wanane tu", na hapo kizingitini pana viatu vya watu kumi na watano.

Mimi nimekaa Satwa, nikahamia Karama, sasa niko Deira nyuma ya Al Rigga. Satwa nililipa 750, kitanda cha juu kwenye deka (vitanda vya kupandana), wanawake sita chumbani, na bafu tulikuwa tunagawana na chumba cha pili. Hesabu yake si mbaya ukiisoma kwenye tangazo. Shida ni kwamba karibu sote tulikuwa watu wa hoteli na saluni, sote twaingia kazini asubuhi, sote twataka maji kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili. Kulikuwa na karatasi ya zamu mlangoni mwa bafu, dakika kumi kila mtu, na wallahi kuna dada mmoja alikuwa akisimama nje na saa mkononi. Karama tulikuwa wengi zaidi, lakini nusu ya wenzangu walikuwa wauguzi wa usiku. Wakirudi mimi naondoka. Sikumbuki hata siku moja niliyopanga foleni ya bafu.

Kwa hivyo swali la "mko wangapi" halitoshi. Aulize wanafanya kazi gani na wanaingia saa ngapi. Mtu wa duka la mall hutoka usiku mwingi. Akiwekwa na watu wa alfajiri, taa itawashwa yeye ndio kwanza usingizi umemchukua, na ugomvi wa taa hauna hakimu.

Halafu kunguni. Aende na tochi ya simu, ainue godoro pembeni, atazame mishono na pale vyuma vya kitanda vinapoungana. Akiona vidoa vyeusi, aage kwa adabu atoke. Akiambiwa "tumepiga dawa juzi" aulize juzi nyingine ilikuwa lini. Nyumba inayopigwa dawa kila mara ina sababu yake, na siku ya dawa mnatolewa nje nyote, hata wewe uliyetoka zamu ya usiku.

Kibopa255

Mnajitesa bure. Sharjah, emirati ya jirani. Al Nahda ya Dubai na Al Nahda ya Sharjah zinatazamana, ukivuka tu kodi inashuka. Hela ya kitanda Deira, Sharjah unapata nafasi ya kugeuka.

BintiLikoni

@Kibopa255 na saa za barabarani je? Hiyo barabara ya Al Ittihad jioni huijui? Metro haifiki Sharjah. Binti wa duka akifunga usiku atarudi na nini, teksi ya kila siku? Akimaliza mwezi ile tofauti ya kodi ameshampa dereva.

Kibopa255

Mimi natoka kazini saa tisa alasiri, mama. Kila mtu na zamu yake.

Fundi_wa_Baridi

Salaam wadau. Mimi ni fundi wa AC, nyumba hizi naingia kila siku ya kazi, acha niseme kile ambacho picha haioneshi.

Fleti ilijengwa na sebule moja, na sebule hiyo ina tundu moja la hewa baridi, likizidi sana mawili. Mtu anakuja na jipsamu au plaiwudi anaikata sebule vipande vitatu au vinne, kila kipande anakiita chumba. Tundu linabaki palepale. Akiacha uwazi juu ya ukuta hewa inapita kidogo, na kelele nazo zinapita: unasikia jirani anavyopiga simu nyumbani, anavyokoroma, anavyotafuna. Akiziba mpaka dari mnapata faragha, lakini mwenye tundu anaganda na wengine wanachemka. Halafu swichi ya kupunguza na kuongeza baridi iko kwenye kipande cha mmoja tu. Naitwa "AC imekufa", nafika nakuta mashine nzima kabisa, ila kuna mtu kajifungia na hiyo swichi.

Julai hapa nje ni zaidi ya nyuzi 40. Kwa hiyo ukikagua, simama ndani ya hicho kipande, funga mlango, subiri dakika tano ukiwa umenyamaza. Mwili utakwambia. Patisheni isiyo na dirisha wala tundu la hewa usiichukue hata kwa nusu bei.

Jingine sipendi kulisema lakini nitalisema. Ekstensheni juu ya ekstensheni, jiko la umeme pembeni ya godoro, na korido nyembamba iliyojaa masanduku. Aprili 2023 jengo liliungua Al Ras, hapohapo Deira, watu 16 wakafa. Mkague njia. Kutoka kitandani mpaka mlango mkubwa wa kutokea, tembeeni mkiwa mmefumba macho. Mkijikwaa mara mbili, hapo si pa kulala.

Nakuru_kwa_Jua

Jameni, mimi yangu ni ya karatasi, na naona hakuna aliyeigusa.

Nilikuwa na kitanda Al Muraqqabat, 800 kwa mwezi na dipoziti 400. Nyumba nzuri, wasichana wazuri, hata kiyoyozi kilikuwa sawa. Kodi tulikuwa tunampa jamaa mmoja taslimu, kila tarehe moja, alikuwa anakuja mwenyewe na mfuko. Hakuna aliyewahi kuona risiti. Siku moja mlinzi wa jengo akagonga mlango akiwa na mtu wa ofisi ya wakala, wakatuuliza sisi ni nani. Mwenye jengo alikuwa amempangishia yule jamaa fleti ya familia. Hakujua kama kuna wanawake tisa ndani. Jamaa simu imezimwa, dipoziti za watu tisa ziko naye. Tulipewa muda mfupi sana wa kutoka.

Nilienda kuuliza kama naweza kudai. Sheria ya upangaji ya Dubai, ile namba 26 ya mwaka 2007, inasema kwenye kifungu cha 24 kwamba mpangaji haruhusiwi kupangisha mtu mwingine bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Kwa hivyo mimi nilikuwa nimepanga kwa mtu ambaye hakuwa na ruhusa ya kunipangisha. Ningeshtaki na karatasi gani?

Dada yako aulize vitu viwili kabla hajaonyeshwa hata kitanda. Jina gani liko kwenye Ejari, yaani mkataba wa nyumba uliosajiliwa serikalini? Na utanisajili? Tangu 2022 mamlaka ya ardhi inataka mwenye mkataba aandikishe kila anayeishi ndani kupitia programu ya Dubai REST. Mwenye nia njema atakwambia nitumie nakala ya kitambulisho chako. Mwingine atacheka aseme "hayo hayahitajiki, wewe leta hela". Huyo tayari amekujibu.

Na pesa zipite benki. Kama anataka taslimu tu, basi angalau meseji ya WhatsApp: nimepokea kiasi fulani, kodi ya mwezi fulani, dipoziti kiasi fulani.

Kibopa255

Ejari kwa mtu wa kitanda cha 700? Utazunguka Deira nzima. Wengi hawana.

Nakuru_kwa_Jua

Wengi hawana, ni kweli. Na Juni 2025 manispaa ilipotangaza msako wa patisheni ikataja maeneo kwa majina, Al Rigga, Al Muraqqabat, Satwa, Al Barsha na Al Raffa, ni hao wengi waliobeba masanduku.

MpangajiMkuu

Naona mnatuchoma tu. Mimi ni hao mnaowasema. Nashika fleti, nalaza watu, na sikimbii na dipoziti ya mtu. Acha niwafungulie daftari muone kwa nini nyumba hujaa.

Fleti ya vyumba viwili Deira, tuseme dirhamu 90,000 kwa mwaka. Silipi kwa mwezi kama ninyi. Nimemwandikia mwenye jengo cheki nne za mbele, tarehe ikifika na akaunti haina kitu, msala ni wangu, si wa aliyelala kitanda cha juu. Juu ya kodi kuna ada ya makazi ya manispaa, asilimia 5 ya kodi ya mwaka, inakuja ndani ya bili ya DEWA: 4,500. Umeme na maji kwangu ni kama 700 kwa mwezi, kiangazi kinazidi, baridi kinapungua: 8,400. Intaneti 390 kwa mwezi: 4,680. Jumlisha: 107,580.

Sasa weka watu tisa kwa dirhamu 1,000. Wanaleta 108,000. Nimebakiwa na dirhamu 420 mwaka mzima. Hapo sijagusa komisheni ya wakala, gesi, godoro, dawa ya kunguni, wala kitanda kukaa mwezi mmoja bila mtu.

Mtu wa kumi ndiye anayenilipa mimi. Wa kumi na moja ndiye anayenifanya nitabasamu. Sasa mtu anapokupangishia kwa 600 badala ya 1,000, usishangilie, piga hesabu: ili alipe cheki zilezile anahitaji watu kumi na watano kwenye fleti hiyohiyo. Ndiyo jibu la swali la MtuWaTanga kuhusu 600 na 1,100. Kitanda ni kilekile. Unachonunua ni idadi ya watu ambao hawatakuwepo.

BintiLikoni

Hii hesabu ingebandikwa kwenye zile nguzo.

Fundi_wa_Baridi

@MpangajiMkuu wewe unalaza wangapi? Maana umetaja tisa, kumi, kumi na moja, ukasimama.

MpangajiMkuu

Kumi. Wote wamesajiliwa, mwenye jengo anajua, sebule haina plaiwudi. Ndiyo maana mtu akiona bei yangu anaenda kwa jirani, na baada ya miezi miwili ananipigia.

Fundi_wa_Baridi

Sawa mkuu, nimekuelewa.

DagaaWaMwanza

Hamjagusa jiko. Mimi nilifukuzwa nyumba Karama kwa sababu ya dagaa. Sitanii. Tangazo liliandikwa "kupika kidogo ruksa". Nikaja na dagaa wangu wa kutoka nyumbani, nikawakaanga usiku, milango yote ikafunguka, mtu wa kwanza akakohoa, wa pili akafungua dirisha, wa tatu akampigia mwenye nyumba. Asubuhi nikaandikiwa kwenye kundi la WhatsApp "African brother, please".

Tangu hapo naangalia nani anaishi humo kabla ya kuangalia kitanda. Ukisoma yale matangazo yanasema wazi, wanataka Wafilipino tu, wengine watu wa Kerala tu, wengine Waislamu tu. Mwanzo nilikasirika sana, na bado naona ni ubaguzi. Lakini nilipokaa Naif na Waganda wawili, Mkenya na Mnyarwanda, ugali ulikuwa unapikwa sufuria moja, unga tunachanga, na hakuna aliyemuuliza mwenzake hicho ni nini. Friji nayo: kila mtu rafu yake, kufuli hakuna, na mayai yalikuwa hayahamihami. Mwezi wa Ramadhani tuliofunga tulikula daku, wasiofunga wakatuachia jiko. Hilo huwezi kuliona kwenye picha, inabidi ukae nao nusu saa upige soga.

Nakuru_kwa_Jua

Lakini pia ya kwetu wenyewe ina mambo yake. Ukikaa na watu wa nyumbani, shida ya mmoja ni ya wote. Kila mwezi kuna mchango wa msiba, wa tiketi, wa mtu aliyeisha visiti (viza ya matembezi). Mimi sasa nakaa na Wafilipino na Wanepali, tunasalimiana vizuri, hela yangu inabaki mfukoni. Sisemi ni vizuri. Nasema nimechoka.

DagaaWaMwanza

Hiyo ni kweli dada. Ila siku ukiugua nani anakupeleka hospitali?

Nakuru_kwa_Jua

Mnepali. Ashanipeleka.

Mswahili_Ilford

Nawasoma kutoka London. Huku mambo ni hayohayo ila karatasi ziko upande wa mpangaji zaidi. Nyumba yenye watu watano na kuendelea wasio familia moja, wanaogawana jiko au choo, lazima iwe na leseni ya halmashauri. Kwenye nyumba ya leseni, chumba cha mtu mzima mmoja hakiruhusiwi kupungua mita za mraba 6.51, na cha wawili 10.22. Kwa hiyo mimi nikienda kukagua chumba natembea na futi ya kupimia, na wenyeji wananitazama kama mkaguzi. Dipoziti mwenye nyumba wa mkataba wa kawaida hachukui zaidi ya kodi ya wiki tano, na ndani ya siku 30 lazima iwe kwenye mfuko wa hifadhi unaotambuliwa na serikali.

Lakini msidhani ni peponi. Wako wanaolaza watu bila leseni, na mtu mgeni asiye na historia ya mkopo wala mdhamini huishia kwao. Kuna pia zile nyumba za kisasa za kukaa pamoja, chumba chako kidogo na choo chake, halafu jiko kubwa la pamoja, gimu, sinema na matamasha. Ile ya Old Oak ilifunguliwa 2016 na vyumba zaidi ya 500. Kampuni iliyoiendesha iliingia mikononi mwa wasimamizi wa madeni 2021. Ukipiga hesabu, unalipia gimu ambayo ukitoka zamu ya pili huna nguvu ya kuiingia.

Kibopa255

Huku zipo pia hizo za kisasa. Bei yao ni ya kukaa na mke.

MtuWaTanga

Wakuu, nimerudi. Dada yuko hapa wiki ya pili sasa, alifikia kwa rafiki yake, nikaomba ruhusa kazini tukazunguka naye jioni tatu. BintiLikoni alitusindikiza moja, Mungu ambariki.

Cha kwanza Al Rigga, 700, hatua chache kutoka metro. Dada alikipenda. Viatu mlangoni nilihesabu nikaacha. Kitanda chenyewe kilikuwa ndani ya patisheni ya nne, unapita kwenye vipande vya wengine kufika kwako. Nikamwambia afumbe macho atembee mpaka mlangoni kama Fundi alivyosema. Aligonga ndoo, akagonga sanduku, mtu akaamka akatutukana kwa Kiamhari. Jamaa nilipomuuliza Ejari akasema iko kwa bosi wake. Bosi yuko wapi? Safarini.

Cha pili Satwa, pazuri, lakini wote ni watu wa asubuhi.

Tumechukua Abu Hail, 950, kitanda cha chini, wanawake watano chumbani, hakuna patisheni. Mama anayeshika fleti alitoa simu akatuonyesha Ejari yenye jina lake bila kuombwa mara ya pili, na kesho yake akamsajili dada. Mmoja ni wa saluni, wawili ni wa duka kama yeye, mmoja ni wa hoteli zamu ya jioni. Anapanda mstari wa kijani mpaka Union, anabadilisha mwekundu mpaka Dubai Mall. Siku nyingi za wiki metro inalala saa sita usiku, kwa hiyo siku akifunga duka yeye, wale wawili wa duka wanachanga naye teksi. Hilo la teksi ndilo lililonifanya nitoe hela palepale, kupitia benki, na meseji ninayo.

Kuna 250 zaidi ya ile ya Al Rigga. Kaniuliza mara mbili kama ilikuwa lazima. Nikamwonyesha daftari la MpangajiMkuu.

MpangajiMkuu

950 kwa watano chumbani na usajili, huyo mama hapati kitu. Asikae na mwezi wa deni hata mmoja, watu kama hao wakichoka wanarudisha fleti.

BintiLikoni

Na mwambie ile rafu ya chini ya friji aandike jina lake leo hii. Nimeona inavyotazamwa.

Mgeni_Visiti

Samahanini wakuu, nimejiunga leo. Hicho cha 700 cha Al Rigga bado kipo? Visiti yangu imebakiza siku kumi, kazi bado, na hapa nilipo natakiwa kutoka kesho. Mwenye namba ya huyo jamaa aniandikie faragha.